Soko la Darajani kwa mwenye PCOS anayepunguza uzito: wapi uweke pesa yako

Kwa mwanamke mwenye PCOS (hali ya homoni inayovuruga hedhi na ukomavu wa yai) ambaye daktari amemtaka apunguze uzito, Darajani, soko kongwe la mjini Unguja, ni masoko mawili yaliyobanana. Moja ni la samaki, mboga za majani, kunde na ndimu. Wauzaji wake hawabandiki tangazo wala hawaahidi mimba. La pili liko kwenye vibanda vya pembezoni na kwenye simu: chai za kukata tumbo, vidonge vya kuyeyusha mafuta, unga wa kusafisha kizazi, na kopo moja linaweza kumeza pesa ya kitoweo cha siku nyingi. Soko la kwanza tunalipa alama za juu. La pili hatulipi hata moja, na sababu zake tutazieleza.

Kabla ya kuingia sokoni, yafaa kujua mwili unataka nini. PCOS ni hali ya homoni inayowapata wanawake kama 8 hadi 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa. Kwa wengi wao mwili umekuwa msugu kwa insulini, kwa hiyo kongosho huimwaga kwa wingi zaidi ili sukari iingie kwenye seli. Insulini hiyo ya ziada huzichochea ovari zitengeneze homoni za kiume, na kwenye ini hupunguza protini inayozifunga homoni hizo ndani ya damu. Hapo hedhi hupotea miezi, ndevu huota kidevuni, chunusi hazikomi, shingo na kwapa hupiga weusi. Mafuta ya tumboni huzidisha usugu, na usugu huyakaribisha mafuta tumboni. Anayemwambia mwanamke huyu kuwa ni mlafi tu anamdhulumu, kwa sababu anapanda mlima ambao mwenzake mwenye uzito uleule hana.

Mlima huo hata hivyo hauhitaji kupandwa hadi kileleni. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kwa wengi kuona hedhi ikijipanga, sukari ikishuka na yai kuanza kukomaa. Kwa mwenye kilo 90 hiyo ni kilo 4.5 hadi 9. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023 haukuchagua mlo mmoja ukaupa ushindi. Hakuna mpangilio wa wanga, mafuta na protini uliothibitika kuupita mwingine kwa hali hii. Kinachofanya kazi ni kupunguza nishati, kwa kawaida kilokalori 500 hadi 750 kwa siku chini ya mahitaji ya mwili, kwa chakula ambacho mtu anaweza kuishi nacho. Kwa Mzanzibari hii ni habari kubwa. Hana sababu ya kusaka parachichi kila siku, unga wa lozi au mchele wa kutoka mbali. Vya hapa vinatosha, akijua vipimo.

Tuanze na samaki, maana hapo ndipo Darajani inapozishinda supamaketi zote za mjini. Protini hukaa tumboni muda mrefu, huzuia njaa ya saa kumi jioni na huilinda misuli wakati mafuta yanapungua. Lengo zuri ni gramu 20 hadi 30 za protini kila mlo. Kipande cha jodari cha gramu 120 kikiwa kibichi kinatoa gramu 27 hivi kwa kilokalori zisizozidi 160. Pweza ni bora zaidi kwa shibe: gramu 100 za pweza aliyekwishapikwa zina protini karibu gramu 30, mafuta kidogo sana, na kumtafuna kunachukua muda, jambo linalomsaidia mlaji kusimama kabla hajapitiliza. Vibua na dagaa ni vya bei nafuu na vina mafuta mazuri ya samaki. Changu, tasi na pono wote wanafaa. Tungempa mnunuzi shauri moja la umri wa soko lenyewe, ambalo jengo lake lipo tangu 1904: samaki anunuliwe mwisho, baada ya mboga na nafaka, na asafiri na barafu. Vibua na jodari wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa. Anayemla huiva uso, huwashwa na kuumwa kichwa, kisha hudhani ana mzio wa samaki na kuacha kitoweo bora kuliko vyote. Tazama jicho liwe angavu na limetuna, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi.

Samaki huharibika kwa njia nyingine pia, na hii hutokea jikoni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120. Samaki aliyezamishwa kwenye karai huondoka na vijiko viwili au vitatu bila mtu kuhesabu, na akipakwa unga huondoka na zaidi. Mpake ndimu, thomu, tangawizi, pilipili na chumvi kidogo, umchome juu ya makaa au umpike mchuzi wa ukwaju na tungule kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa chungu kizima. Ng'onda na dagaa wa chumvi waloweke kwenye maji, uyamwage, uloweke tena. Chumvi nyingi huvimbisha mwili kwa maji na kuidanganya mizani, na kwa mwenye presha ni hatari zaidi ya mizani.

Nyama ya ng'ombe na kuku haina tatizo, ila tungezipa nafasi ya pili. Chagua mnofu, ondoa ngozi ya kuku, na usidanganywe na supu yenye mafuta yanayoelea juu: iache ipoe, mafuta yagande, uyatoe kwa kijiko.

Sasa nazi. Hapa watu wengi hupotea, na wanapotea wakiwa na nia safi. Mtu hupunguza sukari kwenye chai, huacha soda, hutembea kila jioni, mizani haisogei. Chunguni nyumbani kuna wali wa nazi mchana, mchicha wa nazi pembeni yake na maharage ya nazi usiku. Nazi moja ya wastani ina nyama ya gramu 300 hadi 400, na theluthi ya nyama hiyo ni mafuta. Tuseme umekamua kwa mkono na nusu ya mafuta imebaki kwenye machicha. Bado gramu 50 hadi 65 zimeingia chunguni, yaani kilokalori 450 hadi karibu 600. Zikigawanywa kwa watu watano si msiba. Zikirudiwa katika vyungu vitatu kwa siku moja, zaidi ya nusu ya ile nakisi ya kilokalori 500 uliyoihangaikia inamezwa na tui peke yake.

Hatusemi uache nazi. Kumkataza mwanamke wa Unguja au Pemba nazi ni kumpa mlo atakaouacha baada ya wiki mbili. Weka kanuni hii: chungu kimoja tu cha nazi kwa siku. Ukipika wali wa nazi, mchicha uwe wa kukaanga kwa kitunguu na kijiko kimoja cha mafuta, au wa kuchemsha na ndimu. Ukitaka samaki wa kupaka, wali uwe mweupe. Tumia nusu nazi pale ulipozoea nzima, na kwa mboga tumia tui la pili peke yake. Ladha ya nazi inabaki na mafuta mengi yameshaondoka na tui la kwanza. La kwanza liweke kwenye friji kwa chungu cha kesho. Tui la boksi na la kopo nalo lisomwe lebo, kwa sababu moja hutofautiana sana na jingine: lipo lenye mafuta asilimia 6 na lipo la zaidi ya 20.

Wali wenyewe una hesabu rahisi. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa kwa maji zina kilokalori 130 na wanga gramu 28. Sahani iliyojazwa ya gramu 400 inapita kilokalori 500 kabla ya kitoweo. Sehemu inayofaa ni gramu 150 kwa mlo, ambayo ni kikombe kimoja cha chai kilichojazwa sawasawa bila kushindiliwa. Ukipima mchele mkavu, ni kama gramu 50 kwa mtu, kwa sababu mchele huongezeka uzito karibu mara tatu ukiiva. Basmati hupandisha sukari polepole kuliko aina nyingi za mchele mweupe, na mwenye uwezo aununue, lakini kilokalori zake ni zilezile. Mwenye kula sahani mbili za basmati kwa kuwa "ni wa sukari ndogo" hajapata kitu.

Muhogo unasifiwa kupita kiasi. Kwa kuwa ni chakula cha shamba, watu huuona mwepesi, kumbe gramu 100 zina kilokalori 160, nyingi kuliko wali. Kipande chenye urefu wa kiganja kinatosha. Shelisheli ina kilokalori 100 hivi na nyuzinyuzi nyingi, viazi vitamu vina 90, ndizi za kupika 120. Kati ya hivi tungechagua shelisheli na viazi vitamu vya kuchemsha na maganda, na muhogo tungeuweka kwa siku moja moja. Majimbi ni kama muhogo kwa uzito wake.

Upande wa mboga Darajani inastahili sifa bila masharti. Mchicha, matembele, mronge, bamia, bilingani, matango, boga changa, kabichi: nusu ya sahani ijazwe hivi, mchana na usiku. Gramu 200 za mchicha hazifikishi kilokalori 60, na zinakupa nyuzinyuzi, vitamini ya foliki na madini ya chuma ambavyo anayetafuta mtoto anavihitaji (vidonge vya foliki avitumie hata hivyo, maana mboga peke yake hazifikii kiwango kinachotakiwa kabla ya mimba). Kisamvu ni kizuri mno, ila kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha ili sumu yake ya asili itoke, na kikumbukwe kwenye hesabu ya nazi. Bamia zenye ute na bilingani hunywa mafuta kama sponji. Choma bilingani juu ya makaa kwanza, umenye, ndipo ulirostie na tungule.

Kunde, choroko, adesi na mbaazi ndizo bidhaa ambazo tungependa kuona kila kapu likiondoka nazo. Kikombe cha choroko zilizopikwa, gramu 200, kina kilokalori 210, protini gramu 14 na nyuzinyuzi gramu 15. Hakuna wanga sokoni unaopandisha sukari taratibu kama huu. Kosa linalofanywa ni kuzihesabu kunde kama mboga na kuzirundika juu ya wali kamili. Zina wanga wake. Siku ya choroko punguza wali hadi nusu kikombe au uuache kabisa. Wanaojaa gesi waziloweke usiku kucha, wamwage maji, na waanze na nusu kikombe kwa wiki ya kwanza; tumbo huzoea.

Matunda hayana madhara kwa mwenye PCOS kama yanavyosingiziwa. Pera ni bora kwa nyuzinyuzi, papai ni jepesi, danzi na balungi yanafaa, embe moja la wastani si dhambi. Shida inaanza yanapokamuliwa. Glasi ya mililita 300 ya maji ya miwa ina sukari isiyopungua gramu 30, takriban vijiko 8 vya chai, na inashuka kooni kwa dakika moja. Ndimu na tangawizi wanazokamulia humo hazipunguzi sukari hata chembe. Juisi ya ukwaju inayouzwa barabarani hutiwa sukari nyingi ili kuua uchachu. Dafu ni afadhali mara nyingi: mililita 300 zina kilokalori 60 hivi. Tende ni sukari iliyokauka pamoja na nyuzinyuzi kidogo, mbili zinatosha. Njugu za karatasi nazo zihesabiwe, maana gramu 50 ni kilokalori 280.

Kwenye mikate hatuna mengi ya kusifu. Nusu boflo na mayai mawili ni kifungua kinywa halali. Mkate wa ufuta una nazi ndani yake, kwa hiyo robo yake yatosha. Badia, katlesi, sambusa, vitumbua na maandazi vyote ni unga au viazi vilivyokunywa mafuta. Andazi la gramu 50 linakaribia kilokalori 180, na hakuna anayekula moja. Bakuli la urojo lenye badia, mbatata, chipsi za muhogo na yai lifanywe mlo kamili wa siku ya hamu, lisiwe kitu cha kupitishia muda kati ya mchana na usiku. Ukiagiza, mwambie muuzaji aongeze yai na mishikaki, apunguze badia na chipsi, wala asijaze.

Tufike kwenye vibanda vya pili.

Chai za kukata tumbo nyingi zina sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kuendesha. Huufanya utumbo mpana ujikamue na kutoa maji. Mtu hupungua kilo moja au mbili kwa siku chache na kufurahi, kisha akinywa maji kilo zinarudi, kwa sababu mafuta hayakuguswa hata kidogo. Kilokalori za chakula hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, mapema kabla sanamaki haijafanya kazi yake. Anayeendelea nayo wiki kwa wiki hupoteza potasiamu, misuli hulegea, moyo hupiga ovyo, na utumbo husahau kufanya kazi bila kusukumwa. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango akaharisha sana, hata kinga ya vidonge hivyo haiaminiki tena.

Vidonge vya kuyeyusha mafuta visivyo na orodha kamili ya viambato visinunuliwe kabisa. Sibutramini, dawa ya kukata hamu iliyoondolewa kwenye masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, imekutwa mara nyingi katika bidhaa za nchi mbalimbali zinazojiita za mitishamba. Ishara zake ni kukosa njaa ghafla, kinywa kukauka, usingizi kutoroka na moyo kwenda mbio. Kidonge kinachofanya kazi kwa kasi hivyo bila kutaja kilicho ndani yake kina kitu ambacho muuzaji hakukwambia.

Mdalasini, uwatu na habasoda ni viungo vizuri na tunavipenda kwenye chungu. Kama tiba ya kupunguza uzito wa PCOS, ushahidi wake ni mdogo. Mdalasini wa aina ya kasia ukitumiwa vijiko vingi kila siku una kemikali ya kumarini inayoweza kuumiza ini. Uwatu kwa wingi haufai kwa mjamzito, na kwa anayetumia dawa za kushusha sukari unaweza kuishusha kupita kiasi. Siki ya tufaha haiyeyushi mafuta. Ikinywewa bila kuchanganywa na maji hula jino na koo. Unga wa kusafisha kizazi hatuoni kazi yake hata moja: katika PCOS kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Hedhi iliyokosekana kwa zaidi ya siku 90 ni jambo la kupeleka spitali, kwa kuwa ukuta wa mji wa mimba unaendelea kunenepa bila kumwagika, na kuacha hivyo miaka huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Mnazi Mmoja au spitali ya wilaya watapima mimba, tezi la shingo, prolaktini (homoni ya maziwa), na sukari kwa kipimo cha kunywa glukosi gramu 75, ambacho huigundua shida mapema kuliko sukari ya asubuhi pekee.

Unga wa kuchanganya badala ya mlo ni habari tofauti, kwa sababu ulio mzuri unaweza kusaidia. Soma nyuma ya kopo: pakiti moja iwe na kilokalori 200 hadi 250, protini isiyopungua gramu 15, sukari chache, na orodha ya vitamini na madini. Mwingi unaouzwa ni unga wa protini tu au unga wa kakao wenye sukari. Na hata ulio mzuri unagharimu zaidi ya mayai mawili na bakuli la choroko, yanayofanya kazi ileile.

Kwa anayetaka kuona siku nzima ilivyo, mfano mmoja unaotoka wote Darajani: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, muhogo wa kuchemsha gramu 100, tango na tungule, chai ya tangawizi isiyo na sukari. Mchana samaki wa kuchoma gramu 150, kikombe cha wali mweupe, mchicha nusu sahani uliokaangwa kwa kijiko cha mafuta, pera moja. Usiku kikombe cha choroko, dagaa kiasi cha mkono mmoja, bamia, na bilauri ya mtindi usio na sukari. Jumla ni karibu kilokalori 1,500. Kwa mwanamke wa kilo 85 hadi 95 hiyo humshusha kiasi cha nusu kilo kwa wiki. Asipungue chini ya 1,200 bila daktari kumsimamia.

Vipimo hivi hushindwa kwenye sinia. Watu wanne wanakula pamoja, mikono inaingia na kutoka, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mama huwa wa mwisho kunyanyuka ili asiwaharakishe wengine. Kuondoka siniani si lazima. Kabla ya chakula kuwekwa, pima kikombe chako cha wali na kitoweo chako, kiweke kwenye pembe ya sinia iliyo mbele yako, na mboga iwe kwenye bakuli lako mwenyewe. Ile mboga na samaki ianze, wali ufuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula. Kinachobaki kwa watoto kiingie kwenye friji; kisimalizwe jikoni kwa kusimama.

Ramadhani ina mtego wake. Watu hutarajia kupungua, nao huongezeka, kwa sababu futari moja hubeba muhogo wa nazi, ndizi za nazi, tambi za sukari, kaimati na sharbati. Fungua kwa tende mbili na maji, kunywa supu ya samaki au adesi, kaswali, kisha rudi uchague wanga mmoja tu katika vyote vilivyopangwa. Daku isirukwe, mayai, kunde na mtindi hukaa tumboni hadi adhuhuri, chai na mkate mweupe havikai. Anayetumia metformini (dawa ya kupunguza usugu wa insulini) peke yake hana hatari kubwa ya sukari kushuka, lakini ratiba ya dozi aipange na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu metformini yenyewe: kichefuchefu na kuharisha huwafanya wengi waiache wiki ya kwanza. Huanzwa kwa miligramu 500, humezwa katikati ya mlo, na huongezwa taratibu kama daktari atakavyopanga. Ipo pia ile inayoyeyuka polepole, iliyo pole zaidi kwa tumbo. Ikitumiwa miaka, vitamini B12 ipimwe. Haishushi uzito kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo haichukui nafasi ya kikombe cha wali.

Mizani itasimama, mara nyingi baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa sababu mwili mdogo zaidi unatumia nishati kidogo zaidi. Kabla ya kukata chakula tena, pima mafuta ya kupikia kwa kijiko kwa siku saba, kwani mkono huwa umeshaanza kumimina. Pima na kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Sentimita 80 ndiyo mpaka wa hatari kwa mwanamke, na kiuno hupungua hata wiki ambazo kilo zimeganda. Mwendo wa haraka wa dakika 150 hadi 300 kwa wiki unasaidia usugu wa insulini hata bila kilo moja kushuka. Anayejikuta anakula kwa siri mpaka anaumwa, au anajitapisha, aache kuhesabu kilokalori na amwambie daktari. Hilo huwapata wenye PCOS zaidi ya wanawake wengine na lina tiba yake.

Na jambo ambalo wauzaji wa makopo hawalitaji: yai linaweza kurudi kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Aliyeolewa na hataki mimba kwa sasa atumie kinga tangu anapoanza kupungua. Anayeitaka aanze foliki mapema na asingoje kufikia uzito wa ndoto.

Kwa walioko Pemba, kapu ni lilelile na katika samaki pengine ni bora. Masoko ya Chake Chake na Wete yana kunde, mbaazi na mboga za kutosha, na walio kaskazini wana soko la samaki la Tumbe, ambapo anayewahi asubuhi na ndoo yenye barafu hupata vibua na dagaa wakiwa bado na ung'avu. Wagawe nyumbani kwa mafungu ya gramu 150, funga kila fungu peke yake, gandisha siku hiyohiyo, na utoe fungu moja tu kwa mlo.